Jina la biashara yangu limeshikwa na mtu mwingine mtandaoni: sheria ya majina ya kikoa ilitoka wapi, na inamlinda nani?

Mfunga Viungo, Mombasa

Wanajukwaa, nawasalimu.

Nina biashara ya kusaga na kufunga viungo vya pilau, biriani na chai, niliyoianza mwaka 2016, na kwa sasa pakiti zangu zinafika hadi kwa jamaa zetu walioko Muscat na Dubai. Jina la biashara ni maneno mawili ya kawaida ya Kiswahili yaliyounganishwa, na nimelisajili KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili alama za biashara, kama alama ya biashara. Cheti nilikipata mwaka 2021. Hivi karibuni, nilipotaka kufungua tovuti ili wateja wa nje waagize wenyewe, nilikuta jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, lenye jina hilohilo na .com tayari lina mwenyewe. Ukilifungua unakutana na ukurasa wa matangazo ya kubofya na maandishi yanayosema kwamba jina linauzwa. Nilijaza fomu iliyokuwa hapo nikauliza bei, nikajibiwa dola 4,800.

Nimeomba ushauri kwa watu wawili. Wa kwanza aliniambia kwamba huyo ni mlanguzi wa majina na kwamba sheria ya kimataifa inaniruhusu kumnyang'anya mara moja, kwa kuwa cheti ninacho. Wa pili aliniambia kwamba mtandaoni hakuna sheria ya namna hiyo, aliyewahi ndiye mwenyewe. Wote wawili walisema kwa uhakika, nami sikuweza kumpinga yeyote.

Kabla ya kutoa fedha kwa mwenye jina au kwa wakili, ningependa kuelewa asili ya jambo hili. Je, ni nani alitunga kanuni hizi, na kesi za mwanzo ziliamua nini? Na je, cheti cha alama ya biashara chenyewe kinatosha kulirudisha jina?

Wakili wa Alama, Nairobi

Ndugu Mfunga Viungo, waliokushauri kila mmoja ameshika kipande kimoja cha historia. Yule wa pili angekuwa sahihi kama ungeuliza mwaka 1994. Yule wa kwanza yuko karibu na hali ya leo, ila ameruka neno moja ambalo mashauri mengi husimama au huanguka kwalo, nalo ni nia mbaya.

Kuanzia mwaka 1993 kampuni ya Network Solutions ya Marekani ilisajili majina ya .com kwa mkataba na taasisi ya serikali ya nchi hiyo inayogharimia utafiti wa sayansi. Kanuni ilikuwa moja tu: anayetangulia kuomba anapewa. Hakuna aliyekagua kama mwombaji ana uhusiano wowote na jina analoliomba, na hadi Septemba 1995 usajili ulikuwa bure. Baada ya hapo ukawa dola 100 kwa miaka miwili ya kwanza. Mwaka 1994 mwandishi wa habari Joshua Quittner aligundua kwamba mcdonalds.com haijachukuliwa. Alijaribu kuitahadharisha kampuni hiyo ya vyakula, lakini hakupata mtu wa kulitilia maanani, basi akalisajili yeye na kuandika habari yake katika jarida la Wired. Baadaye aliliachia baada ya kampuni kukubali kuchangia vifaa vya kompyuta kwa shule moja ya Brooklyn. Mwaka huohuo kituo cha MTV kilimshtaki aliyekuwa mtangazaji wake, Adam Curry, kuhusu mtv.com, na wakamalizana nje ya mahakama. Kwa hiyo hadi hapo hapakuwa na uamuzi wa kuongoza wengine.

Uamuzi huo ulitokana na mtu mmoja wa Illinois aitwaye Dennis Toeppen, na ningependa nikae kidogo kwenye kesi yake kwa sababu karibu kila kanuni ya leo ina alama ya kidole chake. Toeppen alisajili zaidi ya majina 100 ya kampuni zinazojulikana, yakiwemo ya mashirika ya ndege na maduka makubwa. Mwishoni mwa mwaka 1995 alisajili panavision.com, jina la kampuni maarufu ya kamera za filamu. Hakuuza kamera, wala hakujidai kuwa ni kampuni hiyo. Aliweka picha za mji mdogo wa Pana, ulioko Illinois. Kampuni ilipomtaka aliachie jina, alidai alipwe dola 13,000. Ilipokataa, akasajili pia panaflex.com, ambayo nayo ni alama ya kampuni ileile, na ndani ya ukurasa akaandika neno moja tu la salamu.

Hapo ndipo ugumu wa kisheria ulipojitokeza. Sheria ya alama za biashara ilizoea kushughulika na mtu anayebandika jina la mwenzake kwenye bidhaa yake na kuwachanganya wanunuzi, lakini hapa hapakuwa na bidhaa wala mnunuzi aliyechanganyikiwa. Mwaka 1998 Mahakama ya Rufani ya Marekani ya Mzunguko wa Tisa iliamua kwamba biashara ya Toeppen ilikuwa ni kuwauzia wenye alama majina yao wenyewe, na kwamba hayo ni matumizi ya kibiashara ya alama. Mahakama ilitumia sheria mpya iliyoanza Januari 1996, iliyozilinda alama mashuhuri zisififishwe hata pale ambapo hakuna mteja aliyedanganyika. Uamuzi ulikuwa mzito, lakini uliegemea umashuhuri, na hivyo alama ya mfanyabiashara wa kawaida kama wewe ilibaki nje.

Katika mwaka huohuo wa 1998, mwezi Julai, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilifikia matokeo yanayofanana kwa njia nyingine. Wafanyabiashara wawili, kwa kutumia kampuni iitwayo One in a Million, walikuwa wamesajili majina kama marksandspencer.com, na waliwahi kuipa Burger King bei ya pauni 25,000 kwa burgerking.co.uk. Uingereza haikuwa na sheria maalumu ya majina ya kikoa. Jaji Aldous alirejea kanuni ya siku nyingi inayokataza mtu kujipitisha kwa jina la mwingine, akasema kwamba jina ambalo mtu wa pili hawezi kulitumia bila kuwadanganya watu ni chombo cha ulaghai, na mahakama haina haja ya kungoja hadi chombo hicho kitumike. Kesi hii ina maana zaidi kwetu, kwa sababu kanuni hiyo imo pia katika sheria ya Kenya, na maamuzi ya Uingereza, ingawa hayazifungi mahakama zetu, husomwa na kuheshimiwa.

Kisha ukaja mwaka 1999, ambapo njia mbili zilifunguliwa kwa miezi michache tu. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kupinga ulanguzi wa majina, iliyotiwa saini tarehe 29 Novemba, ambayo inamruhusu jaji kutoa fidia ya kati ya dola 1,000 na 100,000 kwa kila jina na inaruhusu shauri kufunguliwa dhidi ya jina lenyewe pale ambapo mmiliki hapatikani. Njia ya pili ilitokana na ripoti ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, yaani WIPO, iliyotolewa tarehe 30 Aprili 1999. Kutokana na mapendekezo yake, ICANN, chombo kinachosimamia mfumo wa majina ya intaneti, ilipitisha sera moja ya kutatua migogoro, inayofahamika kwa kifupi kama UDRP. Hii si sheria ya bunge lolote wala si mkataba wa mataifa. Ni sehemu ya mkataba ambao kila anayesajili .com anaukubali anapolipia, na ndiyo maana inamfikia mtu popote alipo.

Chini ya UDRP mlalamikaji anapaswa kuthibitisha mambo matatu kwa pamoja: kwamba jina linafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya, kwamba aliyelisajili hana haki wala maslahi halali katika jina hilo, na kwamba jina lilisajiliwa na pia linatumika kwa nia mbaya. Shauri la kwanza kabisa lilifunguliwa WIPO Desemba 1999 na kampuni ya mieleka ya World Wrestling Federation dhidi ya mkazi wa California aliyesajili jina kamili la kampuni hiyo na siku chache baadaye kuwaambia wamlipe dola 1,000. Hakuwa ameweka tovuti yoyote. Mwamuzi aliulizwa kama kujaribu kuliuza jina kunatosha kuitwa matumizi, naye akajibu ndiyo, akitegemea hoja ileile iliyomshinda Toeppen.

Sasa tazama kiunganishi kilichomo katika sharti la tatu: lilisajiliwa *na* linatumika. Nia mbaya ya leo haitoshi ikiwa siku ya usajili haikuwepo, na mtu hawezi kuwa na nia mbaya juu ya biashara ambayo bado haijazaliwa. Kwa sababu hiyo, kabla sijasema lolote juu ya nafasi yako, ninahitaji kujua tarehe. Jina hilo la .com lilisajiliwa lini?

Msimamizi wa Seva, Dar es Salaam

Nakubaliana na Wakili, na nitaongeza upande wa kiufundi, kwa sababu watu wengi husoma tarehe isiyo sahihi.

Ukitafuta jina katika kumbukumbu za umma za usajili utaona tarehe ya kuundwa, tarehe ya mabadiliko ya mwisho na tarehe ya kumalizika muda. Tarehe ya kuundwa inaonyesha lini jina lilisajiliwa kwa mara ya kwanza bila kukatika. Haionyeshi lini mmiliki wa sasa alilipata. Majopo ya WIPO yamekuwa yakishikilia kwamba mtu akiendelea kulipia jina lake kila mwaka, huko si kulisajili upya, na tarehe yake inabaki ya zamani. Lakini jina likihamia kwa mtu mwingine, nia inapimwa kuanzia siku ambayo huyo mpya alilipokea. Tofauti hiyo inaweza kugeuza shauri zima.

Jina la mmiliki kwa kawaida hutaliona. Tangu Mei 2018, kanuni za Ulaya za kulinda taarifa binafsi zilipoanza kutumika, wasajili wengi wameficha majina na anwani za wateja wao, na taarifa hizo hutolewa kwa kituo cha usuluhishi baada ya malalamiko kuwasilishwa. Unachoweza kufanya bila kumwomba mtu ruhusa ni kuangalia hifadhi za kurasa za zamani za intaneti. Weka jina hilo, pitia mwaka baada ya mwaka, na uandike ukurasa ulikuwa wa nani na ulibadilika lini. Ukurasa wa familia, wa blogu au wa duka ukigeuka ghafla kuwa ukurasa wa matangazo, mara nyingi hiyo ni dalili kwamba jina limebadilisha mikono, ingawa dalili peke yake si uthibitisho. Hifadhi picha za kurasa hizo pamoja na tarehe zake.

Wengine hudhani kwamba aliyekaa kimya bila kutumia jina yuko salama. Katika shauri la kampuni ya simu ya Telstra ya Australia, lililoamuliwa mwaka 2000, jina lilikuwa halitumiki kabisa, lakini aliyelisajili alikuwa amejificha nyuma ya taarifa za uongo, na alama yenyewe ilikuwa inajulikana mno hata mwamuzi hakuona matumizi yoyote halali ambayo mtu mwingine angeweza kuyafanya. Kukaa nalo bila kulitumia kukahesabiwa kuwa ni matumizi kwa nia mbaya. Umashuhuri wa alama, hata hivyo, ulibeba sehemu kubwa ya uamuzi huo.

Kuhusu gharama, WIPO hutoza dola 1,500 kwa shauri la jina 1 hadi 5 likiamuliwa na mwamuzi mmoja, na dola 4,000 likiwa na jopo la watatu. Mlalamikiwa ana siku 20 za kujibu. Ukishinda, jina linahamishiwa kwako au linafutwa. Fidia haipo, na ada uliyolipa hairudi.

Msomaji wa Hukumu, Kampala

Naomba nimtetee mtu ambaye hayupo hapa, yaani huyo aliyesajili, kwa sababu tumekwisha kumwita mlanguzi kabla ya kumjua. Kununua jina lenye maneno ya kawaida na kulishikilia hadi apatikane mnunuzi ni biashara halali, kama ilivyo halali kununua kiwanja kabla barabara haijafika. Sheria hii iliwekwa dhidi ya anayelenga alama ya mwenzake. Wenye nguvu wamejaribu mara nyingi kuivuta ivuke mpaka huo, na historia ya majaribio hayo ni sehemu ya jibu la swali lililoulizwa.

Mfikirie Uzi Nissan wa North Carolina. Nissan ni jina lake la ukoo. Alilitumia katika biashara zake tangu mwaka 1980, akasajili nissan.com mwaka 1994 kwa ajili ya kampuni yake ya kompyuta, na mwishoni mwa mwaka 1999 kampuni ya magari ikamshtaki ikidai mamilioni ya dola. Mahakama zilimkosoa kwa jambo moja, matangazo ya magari aliyoyaruhusu kwenye ukurasa wake, lakini jina lenyewe alibaki nalo. Kesi ilimchukua miaka mingi na fedha nyingi, na kwangu hilo ndilo linaloumiza: alikuwa na haki, na bado haki hiyo ilimgharimu sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi.

Au mfikirie mwenye barcelona.com. Jina lilisajiliwa mwaka 1996 kwa ajili ya shughuli za utalii. Halmashauri ya jiji la Barcelona ilipeleka shauri WIPO, na mwaka 2000 mwamuzi akaamuru jina lihamishiwe kwake. Mwenye jina akaenda mahakamani Marekani, na mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Nne ikamrudishia haki yake, ikisema kwamba chini ya sheria ya Marekani jina tupu la mji haliwezi kumilikiwa kama alama ya biashara. Uamuzi wa UDRP, kwa hiyo, si wa mwisho: aliyeshindwa ana siku 10 za kazi za kufungua kesi mahakamani, na akifanya hivyo uhamisho unasitishwa.

Hata watu mashuhuri hawakushinda wote. Mwaka 2000 mwigizaji Julia Roberts alipewa juliaroberts.com ingawa hakuwa amesajili jina lake kama alama, kwa kuwa umma ulimtambua yeye kwa jina hilo, na aliyelisajili alikuwa amelipeleka kwenye mnada huku akishikilia majina ya mastaa wengine. Mwanamuziki Sting alishindwa mwaka huohuo. Neno hilo ni la kawaida katika Kiingereza, na mlalamikiwa alieleza kwamba yeye mwenyewe alikuwa akijulikana kwa lakabu hiyo mtandaoni kwa miaka mingi. Ndugu muulizaji amesema kwamba jina lake ni maneno mawili ya kawaida ya Kiswahili. Ningependa alipime shauri lake kwa kulilinganisha na la Sting kabla ya kulilinganisha na la Panavision.

Kanuni za UDRP zimelipa hata jina kosa la mwenye alama anayetumia utaratibu huu kumnyang'anya mtu jina lake kwa nia mbaya, nalo ni utekaji wa jina kinyumenyume. Jopo linaweza kulitangaza hadharani ndani ya uamuzi, na uamuzi huo hubaki mtandaoni ukiwa na jina la mlalamikaji.

Mfunga Viungo, Mombasa

Nawashukuru nyote. Nimefanya kama nilivyoelekezwa, na nimepata mambo mawili.

La kwanza, jina la .com liliundwa mwaka 2008, yaani miaka minane kabla ya biashara yangu. Katika hifadhi ya kurasa, hadi mwaka 2017 palikuwa na blogu ya mapishi iliyoandikwa kwa Kiswahili. Kisha kuna pengo, na kuanzia mwaka 2019 ni ukurasa wa matangazo kama ulivyo sasa.

La pili sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nimekagua pia .co.ke, nikakuta limesajiliwa mwaka 2018. Nilipouliza zaidi nilijulishwa kwamba aliyelisajili ni kijana aliyenichorea lebo za pakiti mwaka huo, na ambaye nilimlipa kazi yake yote. Nilipompigia simu alikubali kwamba ni yeye, akasema atanikabidhi nikimpa shilingi 60,000. Kwa hili la pili nakiri kwamba nimeumia, kwa sababu alikaa dukani kwangu, alikunywa chai yangu, na jina alilijua kupitia kazi niliyompa.

Wakili wa Alama, Nairobi

Pole, ndugu yangu. Una majina mawili yenye historia tofauti, na ninakushauri usiyaweke katika faili moja.

Kwa .com, tarehe ya 2008 peke yake ingemaliza mjadala. Pengo la kati ya 2017 na 2019 linafungua mlango mwembamba: ikiwa jina lilihamia kwa mmiliki mpya mwaka 2019, nia yake itapimwa kuanzia hapo, na wakati huo ulikuwa umefanya biashara kwa miaka mitatu. Lakini cheti chako ni cha 2021, kwa hiyo ungelazimika kuthibitisha kwamba kufikia 2019 wanunuzi walikwisha kulitambua jina hilo kuwa ni lako hata bila usajili, kwa ankara, matangazo, mauzo na barua za wateja. UDRP inakubali haki ya namna hiyo, kama ilivyomkubalia Julia Roberts, ila kwa maneno ya kawaida uzito wa ushahidi unaodaiwa ni mkubwa. Baada ya hapo ungepaswa kuonyesha kwamba mtu huyo alikulenga wewe. Kutaja bei ya dola 4,800 hakutakusaidia sana, kwa kuwa wewe ndiye uliyemwuliza, na kwa kuwa maneno ya kawaida huuzwa na kununuliwa kila siku. Hoja ya ndugu yetu wa Kampala ina nguvu hapa. Mimi nisingekupokelea ada kwa shauri hili. Ukilitaka jina, zungumza naye bei, au uache.

Kwa .co.ke mambo ni tofauti kabisa. UDRP haihusiki moja kwa moja, kwa kuwa majina ya nchi hufuata utaratibu wa nchi yenyewe, na ya .ke yako chini ya KENIC, yenye utaratibu wake wa kusuluhisha migogoro. Lakini kiini cha swali ni kilekile, na hapa majibu yote yanaegemea kwako. Jina lilisajiliwa baada ya biashara yako kuanza, na mtu aliyelijua kwa sababu ya kazi uliyompa, ambaye hana biashara yoyote inayotumia jina hilo, na anayedai fedha kutoka kwa mtu mmoja tu mwenye sababu ya kulihitaji. Hayo ni maelezo ya One in a Million karibu neno kwa neno. Kifungu cha 5 cha Sheria yetu ya Alama za Biashara kinaacha wazi haki ya kumshtaki anayejipitisha kwa jina la mwingine, hata kwa kipindi ambacho alama ilikuwa haijasajiliwa, kwa hiyo pengo la kati ya 2018 na 2021 halikuzuii.

Bila shaka utaambiwa pia juu ya jinai. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018, katika kifungu cha 28, inamtia hatiani anayetwaa au kutumia kwa makusudi jina, alama ya biashara au jina la kikoa la mwingine bila haki, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Kifungu hicho kilikuwa miongoni mwa 26 vilivyosimamishwa na Mahakama Kuu Mei 2018, kabla havijaanza kutumika, kufuatia kesi ya chama cha wanablogu. Februari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria hiyo ni halali. Mimi si shabiki wa kifungu hiki. Maneno yake ni mapana mno, na hayamtengi waziwazi mlanguzi na mtu mwenye sababu halali ya kutumia jina linalofanana, jambo ambalo sheria ya Marekani ya 1999 ilijitahidi kulifanya kwa kuorodhesha vigezo vya kupima nia mbaya. Zaidi ya hayo, jinai hudai uthibitisho usioacha shaka ya maana, na hata kijana huyo akihukumiwa, kifungu kinazungumzia faini na kifungo. Hakisemi jina likabidhiwe kwako.

Ningeanza na barua ya wakili, moja tu, inayotaja tarehe ya kuanza biashara, tarehe ya kazi ya lebo, risiti ya malipo yake na cheti cha KIPI, na kumpa siku 14 za kukabidhi jina kwa gharama halisi za usajili, ambazo ni ndogo mno ukilinganisha na shilingi 60,000. Asipokubali, peleka mgogoro kwa utaratibu wa KENIC ukiwa na barua hiyo kama kiambatisho. Wakati huohuo usimpigie tena simu wala kumtajia bei yoyote, na lile dai lake la shilingi 60,000 jaribu kulipata kwa maandishi: mwandikie ujumbe mfupi wa kumwomba athibitishe alichokuambia, bila kuongeza neno lako. Katika kesi ya Panavision, dai la dola 13,000 lilikuwa limeandikwa kwenye barua ya Toeppen mwenyewe.